Mbuzi wa Slaidi ya Nne

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Denis kaja dukani na disketi yake. Mtoto wa baba mkubwa Sirili, yuko chuo Dar, sasa likizo. Baba mkubwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kahawa kule kwetu Kirua Vunjo. Jumamosi wana mkutano: wanachama wapige kura kukubali mashine ya kumenyea kahawa, pamoja na mgawanyo wa kila kilo itakayouzwa. Wafadhili wametaka mgawanyo uonyeshwe ukutani, kila mtu auone. Wameazima na projekta. Slaidi! Na mwenye kompyuta wanayemjua ni mimi, Salvina wa Soweto, huku mjini.

Mimi nisiye mwanachama. Shamba lililokuwa la Basili, kule kule Kirua, nililinunua mwenyewe, miti mia mbili, kwa kuchapa barua za watu. Mwaka wa nne huu nalipalilia. Kadi ya uanachama nimenyimwa. Mtoto wa kike hana kihamba, shamba la ukoo, anasema baba mkubwa. Bila kadi kahawa yangu haitapita kwenye mashine yao; nitamenya kwa mkono na kuuza bei ya chini. Lakini kuwatengenezea slaidi — hapo naonekana!

Nimekubali. Sijui kwa nini. Labda nataka waone.

Slaidi za Denis ni thelathini na moja. Maandishi ya kijani juu ya nyekundu. Maneno yanaingia yakiruka kama kumbikumbi, na breki ya gari inalia. Nimemwuliza: mkutano au disko? Kacheka. Kijana hana kinyongo.

Jumanne, 2 Septemba

Zimebaki saba. Slaidi moja, jambo moja. Nimechapa karatasi, nikaibandika ukuta wa nyuma, nikarudi kinyumenyume hadi kwa fundi baiskeli. Nisichokisoma kutoka pale, nakikuza au nakifuta. Vingi nimefuta.

Inayonisumbua ni ya nne — mgawanyo. Mkulima 60, mashine 15, lori na mnada 12, akiba 8, kamati 5. Denis kaweka duara lililokatwa vipande vya rangi. Kornelia alipita akitoka sokoni. Mjane, jirani yangu wa Kirua, mdomo wake haujui likizo. Kahawa anachuma yeye, kadi ina jina la shemeji yake. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Hii keki ya kipaimara ya nani?"

Nikamwambia ni kahawa. "Kahawa gani ya mviringo?" Nikamwuliza kipande kipi ni kikubwa. Akaonyesha chekundu, kwa sababu kinawaka. Kikubwa kilikuwa cha kijivu.

Basi. Keki si yetu. Hata harusini macho yote yako kwenye ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Kitu ambacho kila mtu mlimani anajua kukigawa ni mbuzi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemchora! Mbuzi mzima, kwa ubavu, na mistari ya kisu. Nyeusi juu ya nyeupe, hakuna kinachoruka. Nimelinganisha sehemu kwa uzito. Mkulima: miguu yote na mbavu. Mashine: mgongo. Lori na mnada: kidari. Akiba: shingo. Kamati, asilimia tano: utumbo.

Jumla mia. Nimejisifu peke yangu.

Alhamisi, 4 Septemba

Aibu.

Nimepanda Kirua na slaidi zilizochapwa, kamati izione kwanza. Nyumbani kwa baba mkubwa, wazee watano. Ya kwanza, ya pili, ya tatu — vichwa vinakubali. Ya nne. Mzee Yakobo, mweka hazina, akavua miwani.

"Lori linakula kidari?"

Mwingine akadakia: "Na sisi utumbo! Sirili, huyu binti yako katupeleka jikoni tukaoshe sufuria."

Nikasema nimepima uzito, meku, mzee wangu, sikupima heshima. Nilimwaga petroli kwenye moto! Kidari ni cha wazee, walinguruma, tangu lini kidari kinapimwa kwenye mizani?

Tano ile ile. Miezi yote wamekuwa na tano, hakuna aliyekohoa. Kwenye duara wangeipitisha wakisinzia. Nimeipa nyama, imekuwa tusi. Nimelifikiria hili njia nzima ya kushuka. Nilidhani kazi ya picha ni kubeba namba tu. Kumbe inakuja na ukoo wake mzima, na kila mmoja anatafuta kiti chake.

Baba mkubwa alinisindikiza hadi kwenye mfereji. Akasema taratibu: kamati iwekewe kidari.

Kidari ni kumi na mbili, nikamwambia, si tano.

Basi iwe kumi na mbili.

Na lori? Lori haliendi kwa maombi. Libaki na yake, akasema, litafutie sehemu nyingine. Saba inatoka wapi, baba mkubwa? Akatazama migomba. "Paja la mkulima ni kubwa, mwanangu."

Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: nikilikaza vizuri hilo, Jumamosi hiyohiyo jina langu linaingia. Kadi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nina faili mbili. Ya sitini, na ya hamsini na tatu.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Mimi mwenye kadi, hata kwa hamsini na tatu, napata zaidi kuliko mimi wa kumenya kwa mkono. Hesabu inasema ndiyo. Sijawahi kuichukia hesabu kabla ya leo. Saba hiyo itatoka kwa kila mtu, na kwa Kornelia, ambaye hata kadi yenyewe si yake.

Denis kaja kuchukua nakala. Nikamweleza ya utumbo, ya kadi nikanyamaza. Alicheka hadi akakaa chini. Halafu akasema jambo la maana: "Dada, kinachokuponza ni maandishi. Mbuzi wanamjua. Umewachorea, halafu unawaandikia nani ale nini! Futa maneno."

Nikamwambia mgawanyo bila majina si mgawanyo. Watauliza.

"Si ndiyo vizuri? Mkutano usiouliza umelala."

Yeye anazungumzia slaidi tu. Mimi nimebaki na hilo neno. Watauliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika humu humu ukumbini, daftari kwenye goti, kwa mwanga wa kioo. Ukumbi wa parokia. Madirishani tumetundika magunia ya kahawa, giza la kutosha. Watu wamejaa. Wanaume mbele, wanawake mabenchi ya nyuma.

Slaidi tatu zimepita vizuri. Mama mzee wa nyuma kabisa kasoma kwa sauti! Baba mkubwa kasema: Salvina, mgawanyo.

Nimebonyeza. Mbuzi ukutani, mkubwa kuliko ng'ombe. Mistari ya kisu. Hakuna jina. Hakuna namba.

Baba mkubwa kanitazama. Nimesema kwamba hii inajazwa na mkutano. Vicheko. Halafu kelele — kidari cha nani? Cha kamati! kasema Mzee Yakobo. Mtu katikati: kamati imechuma debe ngapi?

Baba mkubwa kaja hadi mezani. Weka ile nyingine, ya kidari cha kamati, ananong'ona. Kadi ameitoa mfukoni kweli. Jina langu limeshaandikwa, kwa mwandiko wake.

Kornelia amesimama. Anakuja mbele, ameingia kwenye mwanga, mbuzi yuko juu ya kitenge chake. Ameweka kiganja ukutani. Hawaulizi kamati. Amegeukia mabenchi ya nyuma:

"Kabla hamjamgawa — huyu nani alimkatia majani?"

Benchi la nyuma linakwaruza sakafu. Mmoja kainuka. Na mwingine.

Kadi iko mbele ya pua yangu. "Bonyeza, mwanangu," anasema baba mkubwa. "Bonyeza."

Mkono mmoja umeshika daftari, mwingine kalamu, wa kubonyeza sina, na bado naandika —