Vidonda vya Tumbo vya Mama Elia

Jumatatu, 3 Juni
Raundi ya asubuhi. Baridi ya Mbeya mpaka kwenye mifupa, chai imepoa mezani. Daktari bingwa mgeni yuko nasi mpaka Ijumaa, na dawa aliyokuja nayo inamtosha mgonjwa mmoja. Inaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa wa ini. Kazi ya kuchagua nimeachiwa mimi. Siipendi.

Masharti ya bingwa: saratani iwe imesambaa kwenye ini tu, na ini lenyewe liwe bado lina nguvu. Wamebaki wawili: Mzee Hirji, mwenye duka Mlandege, Iringa, na Mama Elia, mkulima wa mpunga Ubaruku. Vipimo vya mama vya wiki iliyopita ni vizuri zaidi. Nimemchagua yeye.

Jumanne, 4 Juni
Mama Elia kalazwa. Mwanawe, Elia, kanivuta koridoni. Mama asiambiwe kuwa ni saratani. Tangu apasuliwe utumbo, ukoo mzima unamwambia ana vidonda vya tumbo. Eti akilisikia jina lenyewe atakata tamaa. Nimekubali, kama tunavyokubali siku zote. Mama nimemwambia ini limechoka kidogo. Aibu.

Jumatano, 5 Juni
Macho ya mama ni ya njano. Damu tumeipima upya, majibu mabaya. Ini linashindwa kazi. Nimefoka wodini, nikauliza kala nini. Kaitoa chupa mwenyewe, bila kuficha. Mizizi ya kuchemsha, dawa ya vidonda vya tumbo, kaletewa na shoga yake wa Igawa. Anainywa tangu tulipompima wiki iliyopita, ili tumkute ana nafuu.

Alhamisi, 6 Juni
Bingwa kamkataa. Ana haki, dawa ingemuua. Nimempigia Mzee Hirji, yuko njiani.

Kisha nimekaa kando ya kitanda cha Mama Elia na kulitaja jina. Elia kageukia ukutani, analia. Mama kanigeukia mimi.

"Mngeniambia, daktari, nisingekunywa."

Nina hasira na Elia, na ukoo wake, na mimi mwenyewe zaidi.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee Hirji katibiwa salama. Amelala.

Mama Elia nimemruhusu. Wakati Elia anafunga mizigo, mama kaniuliza kama yule mzee aliyepewa dawa kaambiwa anaumwa nini. Nimesema ndiyo, anajua. Kasema vizuri. Kajitanda khanga, wakaenda stendi.