Mdomo wa Nkongolo

Jumatatu, 3 Machi
Magamba tena. Ni ya samaki wa Kinkondja. Nayalowesha, nayabandika moja moja juu ya waya na udongo. Nkongolo wangu ana urefu wa mkono mpaka kiwiko. Wazee wetu Waluba walisema nyoka huyu ndiye upinde wa mvua: akipumua, mvua inakatika. Sitaki sanamu ya kuuzia wageni. Nataka mnyama ambaye ukimkuta majini utakimbia. Prefe, mkuu wa shule yetu, anamtaka kwa maonyesho ya shule, wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi
Mdomo umefungwa. Niliuacha wazi, nina hakika. Taya limesukumwa juu, meno mawili yamevunjika. Asubuhi nzima nilikuwa darasani. Mchana mlango wangu haufungwi kwa ufunguo. Kasongo, mwalimu mwenzangu, anakaa nyumba ya pili. Naye aliitaka kazi hii. Prefe alinipa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeunda taya upya. Kasongo amekuja kuomba chumvi. Macho yote mezani, kwa Nkongolo. Chumvi! Mke wake hana chumvi?

Alhamisi, 6 Machi
Umefungwa tena. Na mzazi mmoja amekwenda kwa prefe: eti ninafuga nyoka anayezuia mvua. Kweli haijanyesha siku nane, mahindi yanajikunja. Prefe aliniita.
"Mwalimu, bantu bakianza kusema hivi, minyi sitaweza kukulinda."
Nani amewaambia? Waliomwona Nkongolo ni wawili tu, Kasongo na dada yangu mdogo Numbi. Numbi ninakaa naye, ananipikia, ananiita Yaya, mkubwa wake. Basi ni Kasongo. Namchukia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemshitaki mbele ya walimu wote. Nimemwita mharibifu, mwenye wivu. Hakupandisha sauti.
"Minyi sikugusa nyoka yako. Hata kuiangalia naogopa."
Wengine walicheka. Nilitamani kumpiga.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitoka kama ninayekwenda sokoni, nikarudi. Numbi alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Anasali. Kidole gumba kwenye taya, anasukuma.
Dada yangu.
"Yaya, mahindi yangu inakufa. Ile nyoka iko inapumua."
"Ni udongo, Numbi."
"Weye njo uliitengeneza. Hauione tena."
Alilia. Yeye aliwaeleza akina mama wa kanisani, ili waniombee. Hakutaka kunidhuru. Miezi mitatu tangu nianze kumuunda, namtafuta mtu wa kuamini kwamba nyoka huyu yuko hai. Alikuwa ndani ya nyumba yangu.
Nimeufunga mdomo mwenyewe, kwa udongo mbichi. Nikalainisha kwa kidole mpaka ufa ukapotea. Ataonyeshwa hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Mvua bado. Baada ya ibada nilikwenda kwa Kasongo. Alikuwa anamenya karanga na mke wake. Nilisema yote, mke akisikia. Aibu tupu.
"Nimesikia, Mwalimu."
Hakusema yamekwisha. Alinisogezea kiti. Nikakaa, nikamenya nao mpaka kikapu kikabaki kitupu.