Jogoo wa Babu Kwenye Chuma Kipya

Karakana ya Babu,
Nyuma ya Ghala la Mbao,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Binamu Kidevu,

Pokea salamu nyingi, nyingi mpaka bahasha inalalamika. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama, au huko hamwinami? Sisi huku hatujambo. Bibi macho yamepungua lakini masikio yameongezeka, siku hizi anasikia hata lile unalokusudia kusema. Shemeji yako, yaani mke wangu, ni mzima na anazidi kunipenda bila kunionyesha.

Sasa kaa chini, binamu, maana bahati imeniangukia mpaka nimeteguka bega. Geti la maktaba ya zamani nimepewa mimi! Si hawa wachomeleaji wa mabomba wanaojiita mafundi. Mimi, niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa na la kunifundisha. Linatakiwa lifuliwe kwa mkono, kwa chuma cha kale kilichong'olewa kwenye ule uzio uliobomolewa, majani na maua juu, kama Babu alivyolifua la kwanza. Nikipita mjini sasa hivi hata mbwa wananiamkia.

Lakini kuna jambo linanikereketa.

Mkandarasi wa maktaba aliniita ofisini kwake akanionyesha ua la chuma, la mfano. Zuri, sikatai. Shina limesokotwa vizuri, majani membamba kama ya kweli. Nikalisogeza machoni. Binamu, nikakutana uso kwa uso na jogoo. Jogoo wa Babu! Chapa ile ile aliyokuwa akiigonga kwenye kila kazi yake.

"Hii ndiyo kazi ya mzee wenu," mkandarasi akasema. "Chapa haidanganyi."

"Chapa haidanganyi, bosi," nikamwambia, "ila mkono unaoishika je?"

Alipogeuka kujibu simu nikatoa tindo mfukoni. Nikaikata kidogo ncha ya shina, nikaikunja. Wewe unakijua chuma cha kale, ukikikunja hivyo hakivunjiki, kinachanika nyuzinyuzi kama muwa. Hiki kilikatika mara moja, na ndani kina chembechembe kama sukari. Chuma cha dukani! Babu kafa hajawahi kukitia motoni. Halafu jogoo mwenyewe kagongwa mbele kabisa, kama nembo ya soda. Babu alikuwa akimficha chini ya ua. Alisema anayetaka kumjua fundi na ainame. Basi nikaweka karatasi juu ya jogoo, nikaisugua kwa penseli mpaka akatokea, nikalirudisha ua mezani, palipovunjika pakielekea ukutani, nikaaga kwa adabu zote.

Nilidhani mtu kaiga chapa. Nikaenda nyumbani nikamlinganisha jogoo wa karatasi na yule wa kile kitanda cha Bibi, alichokifua Babu mwenyewe. Mkwaruzo kwa mkwaruzo, binamu. Na kishungi cha jogoo kina lile pengo. Unakumbuka pengo lilitoka wapi? Ni wewe, ulipoigonga chapa kwenye chuma baridi, Babu akatukimbiza sote wawili na mimi sikuwa nimefanya kitu. Kwa hiyo chapa iliyotumika ndiyo yenyewe. Na chapa yenyewe tulikukabidhi wewe baada ya mazishi, kwa kuwa ndiye mjukuu mkubwa.

Mimi nikianza kuwaza, chai inapoa. Barua yako ya mwisho uliulizia hadi paka, lakini karakana hukuigusa. Tena ukauliza kama maktaba bado imesimama. Kwani uliiacha imechoka? Na huyo rafiki yako mpya uliyemtaja, anayependa vitu vya kale, hasa anapenda kitu gani?

Shemeji yako kanisikia nikiyasema haya peke yangu. "Muulize kwanza mwenzio," akasema. "Ugomvi hauhitaji kualikwa."

Nikamwambia mimi siulizi, nachunguza.

"Mchunguzi! Jana umetafuta miwani nyumba nzima, kumbe iko kichwani."

Basi nakuuliza. Chapa iko wapi? Kama unayo, ichovye kwenye wino uigonge juu ya barua utakayonijibu, nimwone jogoo kwa macho yangu. Kama umeibiwa, sema, tumtafute mwizi pamoja. Kama uliiuza kwa shida, sema pia. Nitakutukana asubuhi nzima, mchana tutakula sahani moja, na chumba cha uani ni chako siku yoyote utakayorudi. Ila usininyamazie. Ukinyamaza nitaamini neno ambalo mpaka sasa nalifukuza kama nzi, nalo linarudi.

Bibi sijamwambia. Lile ua akiligusa tu kwa vidole vyake atajua kabla sijafungua mdomo.

Msalimie sana mkeo, watoto, na yule mkweo asiyecheka. Mwambie Bibi anamwulizia kila siku, huenda hilo likamchekesha. Mungu akupe afya ya mgongo na wepesi wa ulimi, uniambie kweli.

Na lile geti nililojisifia pale juu, sijapewa. Kapewa aliyeleta ua, kwa heshima ya jogoo wa Babu. Mkandarasi hakuniita anipe kazi, aliniita anionyeshe kazi iliyonishinda.

Wako akupendaye hata anapokushuku,
Binamu yako mhunzi.