Watu Mia Mbili, Mwandiko Mmoja

Mwenzangu, waraka wetu wa kupinga mtambo wa umeme wa nyuklia umekataliwa! Umekataliwa, na mkosaji ni mimi.

Unakumbuka zile karatasi za sahihi? Fundi baiskeli alikuwa ameijaza yake grisi. Niliona aibu kuzipeleka ofisini. Nikayanakili majina yote kwa mkono wangu, kwa mistari iliyonyooka, kisha nikazichana zile chafu.

Karani akanitazama. "Bibi, watu mia mbili, mwandiko mmoja?"

Mwandiko mmoja! Mbele ya foleni nzima! Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mwisho wa kupokea ni kesho adhuhuri. Tukichelewa, watajenga mtambo wao nyuma ya nyumba zetu.

Vaa viatu, shoga. Tunaanza kwa fundi baiskeli. Ataandika mwenyewe, na grisi yake, nami nitanyamaza.