Kompyuta Niliyoizima Nikijua Ni ya Nani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kwa sababu kila ninayeweza kumwuliza anamjua mhusika, na wewe hutujui sote wawili. Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu, na jioni nasimamia maabara ya kompyuta, kazi iliyonipa nafasi ya kulala bwenini. Kanuni zimebandikwa mlangoni: usile humu, usimpe mtu nywila yako, usiifunge kompyuta kwa nywila ukaondoka ili kujiwekea nafasi. Ukiondoka muda mrefu, msimamizi anaweza kuizima na kuiwasha upya ampe mwingine, lakini lazima kwanza aite kwa sauti ndani, kisha aende korido aite tena, kwa maana mashine zetu zikizimwa zinafuta kila kilichoachwa ndani.

Wiki iliyopita foleni ilifika hadi ngazini, na kompyuta ya dirishani ilikuwa imefungwa, kiti kimevikwa sweta la kijani ambalo nalijua vizuri, chumbani huning'inia msumari mmoja na langu. Ni la mwenzangu wa chumbani, tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyotugombeza tusipokula. Asubuhi ile alikuwa amenitania mbele ya watu kwamba nikiwa kazini nina uso wa askari jela, wakacheka, nami nikacheka nao huku nimeumia. Sasa kijana mmoja kwenye foleni akaropoka, "Dada, au kanuni ni zetu sisi yatima tu, ndugu zako hawaguswi?" Nikainuka, sikuita ndani, sikuita korido, nikabonyeza kile kitufe, na mshauri, nilipokibonyeza nilisikia raha, ndogo lakini raha kabisa, na hiyo ndiyo inayonitafuna kuliko kosa lenyewe.

Shangazi alikuwa hapo korido tu, anazungumza na kaka yake kwenye simu, baba yao amelazwa. Aliporudi alikuta mtu mwingine amekalia kiti chake, na sura ya mwisho ya tasnifu aliyokuwa akiiandika kutwa nzima, akisema ataihamishia kwenye flashi akimaliza, haipo. Akaniuliza, "Imekuwaje, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Umeme uliyumba."

Kesho yake ilikuwa siku ya kukabidhi. Akamweleza mhadhiri wake kuhusu umeme, mhadhiri akampigia fundi, fundi akasema umeme haukutikisika. Kwa hiyo sasa Shangazi ameonekana mwongo, na Ijumaa kikao cha idara kinaamua kama atarudia mwaka. Jana alikuwa anakunja nguo za kumpelekea baba yake, akaniambia, "Afadhali wewe ulikuwepo. Utanishuhudia, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Nikienda kushuhudia uongo huo labda ataokoka, nikisema kweli nitapoteza kazi na bweni, na yeye pia nitampoteza. Nifanye nini?

Msimamizi

*

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Nakuonea huruma, maana kuchekwa kunauma na foleni ya watu wenye hasira si mchezo. Lakini usiniambie habari za yule kijana. Kidole kilikuwa chako.

Unasema labda uongo utamwokoa. Hautamwokoa. Fundi ameshaukanusha, kwa hiyo ukienda kuurudia mtakuwa waongo wawili badala ya mmoja. Hujagundua kuwa kinachoweza kumsaidia ni hicho hicho unachokificha? Kanuni yenu inataka mwenye kompyuta aitwe mara mbili. Hakuitwa hata mara moja. Kikao kikijua hivyo, kitaona mwanafunzi aliyepotezewa kazi na msimamizi, na aliyesema habari za umeme kwa sababu msimamizi ndiye aliyemwambia. Ndiyo, naye alikosea kuiacha mashine. Hilo waache waliseme wao, wewe huna haki ya kulitaja.

Mwambie leo, kabla ya Ijumaa. Siyo kwa ujumbe wa simu. Keti naye, sema ulijua ni kompyuta yake, hukumwita, kisha ukamdanganya. Ile raha usimmwagie. Ibebe mwenyewe, ana baba mgonjwa, asipewe na mzigo wa kukutuliza. Usimtake akusamehe papo hapo. Halafu nenda kwa mkuu wa maabara ueleze kwa maandishi, ukatie sahihi, nakala ifike idarani. Mwulize mlezi wa wanafunzi kuhusu malazi mapema, kwa kuwa kazi hiyo sidhani utabaki nayo.

Wala siwezi kukuahidi kwamba idara itamwonea huruma. Pengine watasema amechelewa, basi. Hata hivyo uende. Wakiuliza nani aliizima, sema, "Mimi," ukae kimya.

Na huenda akahama chumba. Akikuruhusu, msaidie kubeba godoro. Asipokuruhusu, mshikie mlango.