Skrubu Iliyogota

Nyumbani, Nebraska
Alhamisi jioni

Mpendwa dada yangu Corinne,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji Dale, pamoja na paka wenu yule asiyejali mgeni wala mwenyeji. Sisi huku ni wazima. Nasema "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumba nzima ni mimi na mbwa, na kati yetu mbwa ndiye mzima zaidi. Goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua inapokaribia, lakini halijanizuia kazi. Mahindi yameshavunwa upande wote wa mashariki wa barabara, na vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vikombe. Mgongo wa Dale unaendeleaje? Na ile pampu ya kisima, mmepata mtu wa kuitengeneza au bado mnaipiga teke asubuhi?

Kadi yako ya siku yangu ya kuzaliwa niliipata, ahsante sana. Naona siku hizi unaniandikia kwa mashine mpaka jina lako pale chini, nikadhani ni benki inanitakia maisha marefu. Usinune, nakutania. Dale naye aliniambia kwamba keki ya kuzaliwa ya mjukuu wenu Hattie mwaka huu mtanunua dukani. Nilishangaa kidogo, lakini hayo nitayafikia.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu simu unaweza kunikatia, kama ulivyonikatia mwezi uliopita ukasingizia maziwa yanachemka. Barua itakubidi uisome mpaka mwisho au uichane, na wewe tangu utoto hujawahi kuchana karatasi yenye mwandiko wa mtu wa kwetu.

Nina habari njema, na nitaisimulia polepole kwa sababu bado naionja.

Unajua macho yangu yalivyokuwa mwaka jana. Nikiilenga shabaha, ncha ya bastola inakuwa ukungu. Nikiitazama ncha, shabaha inapotea. Kwa bahati, ofisi ya sherifu wetu imeruhusu vile vioo vidogo vinavyofungwa juu ya bastola. Unatazama ndani, unaona nukta nyekundu, unaiweka pale unapotaka risasi iende, basi. Vijana wote kazini wanavyo. Nami nikanunua changu, nikakifunga mwenyewe juu ya meza ya jikoni, maana mimi ni binti wa Baba, na binti wa Baba hapeleki kitu kwa fundi kabla hajakiharibu kwanza.

Niliona nimefanya kazi safi. Nilichukua skrubu zilizokuja kwenye pakiti ya kioo, nikazikaza mpaka zikakataa kwenda, kisha nikachora mstari mweupe wa rangi kutoka kichwa cha kila skrubu mpaka kwenye ubavu wa kioo. Kwetu sisi watu wa bastola mstari huo ni kiapo. Skrubu ikilegea, kichwa chake kinageuka na mstari unakatika, nawe unaona mara moja. Mstari ukiwa umenyooka, hakuna anayeuliza swali la pili.

Kila vuli tunafanya mtihani wa shabaha. Ukishindwa, unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukishindwa tena, beji na bastola vinabaki juu ya meza ya sherifu, na wewe unakwenda kupokea simu za watu waliopoteza ng'ombe, au unakwenda nyumbani moja kwa moja. Jumatatu nilisimama kwenye mstari wa kulengea nikiwa sina wasiwasi hata kidogo. Risasi za mwanzo zilikwenda katikati. Baadaye zikaanza kutangatanga: moja kushoto, moja chini, nyingine sijui ilikwenda kumtembelea nani. Nikashindwa.

Mwalimu wetu wa shabaha ni Virgil Stukel. Umelisikia jina lake kwa miaka mingi, ndiye yule ninayegombana naye kila baridi kuhusu joto la ofisi, mwenye ulimi wa msumeno, aliyenibatiza "Mama Miwani". Aliichukua bastola yangu, akatazama mistari myeupe, akaikuta imenyooka, akanirudishia. Akasema kioo hakina kosa, kosa liko nyuma ya kioo. Akaongeza kwamba kwa upigaji ule, jambazi akitaka usalama akasimame mbele ya shabaha. Vijana walicheka. Nami nilicheka, ila kwa mdomo tu.

Corinne, hapo ndipo hofu iliponiingia. Kama skrubu hazikulegea, basi kilicholegea ni mkono wangu. Na wewe unajua ni mkono gani niliufikiria. Niliufikiria mkono wa Mama ukiwa umeshika ule mfuko wa krimu ya sukari, na majina ya watoto wa wilaya nzima yakianza kupinda juu ya keki zake mwaka baada ya mwaka, mpaka siku aliyouweka mfuko mezani na kusema amechoka tu. Nilifika nyumbani nikaunyosha mkono wangu juu ya sinki na kuutazama. Ukitazama mkono wako kwa muda mrefu, utauona unatetemeka hata kama ni mzima. Asubuhi nilijaza kikombe nusu ili kahawa isimwagike, kama alivyokuwa akifanya yeye. Sikumwambia mtu.

Jana baada ya kazi nilikwenda uwanja wa shabaha kufanya mazoezi, kwa kuwa leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudia. Nilipiga vibaya kuliko Jumatatu. Virgil alitoka kwenye kibanda chake na chupa yake ya kahawa, nikajua masimango yanakuja. Akaniuliza kama nimekuja kulenga au kupanda mbegu. Niliendelea kujaza risasi. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti nyingine, nina nini. Sijui kwa nini nilimwambia yeye kati ya watu wote. Nilimwambia kwamba nafikiri nimerithi mkono wa mama yangu.

Aliiweka chupa yake chini. Kisha akasema Mama ndiye aliyeandika jina la mwanawe kwenye keki ya kumaliza shule, na herufi ya mwisho iliteleza mpaka ukingoni. Mkewe aliifunika kwa ua la sukari kabla wageni hawajafika. "Tuliila ile keki na hatukusema neno," aliniambia. "Wilaya nzima ilikuwa inaficha zile herufi, Darla. Tulidhani tunamstahi."

Halafu akaichomoa bastola yake kiunoni, akaitoa risasi, akanionyesha kwamba ni tupu, akaniwekea mkononi. Akaniamuru nijaze na nipige na yake, na nisifikiri kitu. Kioo chake kinafanana na changu. Nikapiga mpaka risasi zikaisha. Tulipoiendea ile karatasi, matundu yote yangefunikwa na kikombe cha kahawa. Virgil aliitazama, akanitazama mimi, akasema mkono ule una ugonjwa mmoja tu, ubishi, na huo hauna dawa.

Nikakaa juu ya ndoo.

Tukaifungua yangu kibandani. Alikishika kioo kwa vidole viwili akakisukuma, na kikasogea. Kilisogea unene wa unywele, huku mistari yangu myeupe imenyooka vilevile. Hapo Virgil akatukana kwa ustaarabu, kama anavyofanya shemasi. Alipozitoa skrubu na kuzilinganisha na shimo, ikawa wazi. Zilikuwa ndefu mno kwa bamba la bastola yangu, lile linalokalia kioo. Zilishuka zikagota mwisho wa shimo kabla hazijakibana kioo. Nilipokuwa nazikaza zikakataa, hazikukataa kwa sababu zimeshika. Zilikataa kwa sababu zimefika chini. Zilikuwa zimekazwa kabisa, na hazikuwa zimeshika chochote. Kila risasi ilikitikisa kioo kidogo, na mimi nikawa naulaumu mkono wangu.

Virgil hajui kuomba msamaha kwa maneno. Alinipa nusu ya mkate wake wa nyama, ile nusu yenye kachumbari ya tango, akasema na yeye aliutazama mstari badala ya kukishika kioo, na kwamba mtu aliyefundisha miaka yake yote angepaswa kuwa na akili. Kisha akanionyesha namna inavyotakiwa, nami nikamsikiliza kama mtoto wa shule. Alichagua skrubu fupi, akazijaribu kwanza bila kioo ili aone zinaingia kiasi gani. Alisafisha mashimo kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, maana mimi nilikuwa nimeacha mafuta ndani na gundi haishiki penye mafuta. Akatia tone moja la gundi ya buluu, ile inayozuia skrubu isilegee, kwenye kila skrubu. Akanipa bisibisi yake yenye kipimo, ile inayotoa mlio nguvu ikitosha, na kunionya nisiongeze hata kidogo baada ya mlio. Alisema mkono wangu una hasira na bisibisi ile haina. Nikakaza moja kidogo, nikahamia ya pili, nikarudi ya kwanza, mpaka zote zikalia. Ndipo tulipochora mstari. Tukaiacha pale usiku kucha gundi ikauke.

Leo asubuhi tuliirekebisha nukta kwa risasi chache, kisha nikafanya mtihani mbele ya sherifu. Nimefaulu, dada. Nimefaulu kuliko vijana wawili waliocheka Jumatatu. Beji ninayo kifuani ninapokuandikia, najua ni ujinga kuvaa beji jikoni, niache. Mchana tulikwenda mkahawani wote, tukala supu ya maharage na nyama na mikate ya mdalasini, na Virgil akanisimanga mbele ya watu kwamba nimekula mikate yake yote miwili. Nilimshukuru. Alisema nimshukuru aliyebuni spiriti.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilisimamisha gari pembeni, karibu na ghala la nafaka, nikalia kwa furaha. Nilimshukuru Mungu kwa skrubu. Nilimshukuru kwa Virgil, jambo ambalo sikutarajia kulifanya duniani. Nilimshukuru kwa mikono yangu, mmoja mmoja, nikiitazama juu ya usukani ikiwa imetulia.

Na katikati ya shukrani hizo nikakukumbuka wewe.

Corinne, mwezi wa tano, kwenye sherehe ya mjukuu wako Braden ya kumaliza shule, uliweka mezani keki nyeupe tupu. Haikuwa na jina wala mwaka. Ulisema ndiyo mtindo wa sasa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia kwamba inapendeza. Siku nzima mkono wako wa kulia ulikuwa umeshikwa na wa kushoto chini ya meza. Niliuona. Nikaenda kuleta sahani. Kisha ikaja kadi ya mashine, na sasa keki ya Hattie ya dukani. Wewe, uliyejifunza krimu kwenye mapaja ya Mama na ambaye hujawahi kuingiza keki ya dukani hata kwenye matanga.

Nimekuwa nikiutazama mstari ulionyooka. Kila nilipopiga simu ulisema uko sawa, nami nikasema vizuri, tukazungumza habari za paka. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Mama. Alificha, na sisi tukamsaidia kuficha, na daktari alipomwona alisema laiti angemwona mapema.

Mimi nimebahatika, yangu ilikuwa skrubu. Yako sidhani kama ni skrubu, na nafikiri wewe unajua zaidi yangu. Lakini nimekaa siku tatu ndani ya hofu hiyo peke yangu, na nakwambia, dakika niliyoitamka kwa mtu, hata mtu mwenyewe akiwa Virgil Stukel, ilipungua uzito. Wewe umeibeba tangu lini? Dale anajua?

Nimeomba likizo ya wiki moja, na sherifu amenipa bila kuuliza. Kuna daktari wa mambo haya mjini Lincoln, na nitakupeleka mimi. Siku hizi wana dawa ambazo Mama hakuzipata. Ukikataa, nitakaa jikoni kwako nikikusemesha mpaka ukubali, na unajua naweza.

Mwambie Dale asinunue keki. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo asubuhi. Wewe oka, changanya sukari, uchague rangi mwenyewe. Kuandika jina la Hattie niachie mimi. Simama nyuma yangu unisute kwa mwandiko mbaya kama ulivyokuwa ukinisuta tulipokuwa wadogo, unielekeze wapi pa kukunja herufi. Mkono ninao, nimeupima jana na leo, umetulia. Mshukuru Mungu pamoja nami, maana sasa tunao mkono mmoja wa kututosha sote wawili.

Msalimie Dale, Braden na mama yake, na umbusu Hattie kwa ajili yangu. Huyo paka mwambie nakuja, ajiandae kunipuuza.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Darla