Ng'ombe Walipoingia Katika Maharagi Yetu

Mama,

Ni mimi Nsimire, mke wa Bahati wako. Leo nimechoka, nisamehe maneno yakienda ovyo. Nimerudi kulima, nimeosha miguu, nimeketi kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Bagira. Ndiyo, Bagira, mjini. Hatukai tena kilimani. Nimekawia kukuandikia kwa sababu kila nikianza nafika kwa Murhula, mziwanda wako, halafu naweka kalamu chini. Safari hii sitaiweka.

Ulituacha mwaka ule tulipoambiwa tuache majina ya ubatizo. Padri alipokuzika alilitaja lako, Maria, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa. Tangu hapo wanaume wamevaa abacost, ile suti isiyo na tai, kila mtu anaitwa citoyen badala ya bwana, na udongo nao umepewa mwenyewe mpya: wote ni wa Leta, yaani serikali, wa juu na wa chini. Siku tulipotangaziwa mimi sikuelewa kitu. Nilidhani ni mambo ya redio, yatapita kama yanavyopita mengine.

Halafu yakafika bondeni kwetu.

Wewe unalijua lile bonde kuliko mimi. Kilimani tulikuwa na migomba na mtama, lakini kiangazi, kilima kikikauka, wanawake wote tulishuka kule chini kwenye maji tukalima maharagi na mboga. Halikuwa la mtu. Kila mwaka ulimpelekea mzee wa kilima mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi zako, naye akakuonyesha kipande chako, kilekile cha mwaka uliopita, na nyote wawili mkajifanya mmesahau ni kipi. Mimi nilitoka Mwenga, kwa watu wa msitu, ambako shamba likichoka unaliacha na kufyeka jingine. Nilipokuuliza siku za kwanza tutahamia wapi udongo huu ukichoka, ulicheka mpaka ukaketi.

"Binti yangu," uliniambia, "huku kwetu udongo hatuukimbie. Tunaulisha."

Ukanipa kikapu cha samadi nibebe. Nilibeba nikinung'unika. Ulinisikia, najua.

Aliyekuja baada yako ni mfanyabiashara wa mjini. Jina lake siliandiki, sisi wote tulimwita Patron. Alikuja na watu wa kupima na vigingi vyao, akasema amepewa bonde na mteremko wa ng'ambo. Tulikimbilia kwa mzee wa kilima. Alituonea haya. Alisema yule bwana amekwenda kwenye biro ya Leta mjini, na yeye maisha yake yote hakuwahi kujua biro ni mlango gani. Mteremko ukapandwa miti ya kinini. Bonde likazungushiwa seng'enge, nusu yake majani ya ng'ombe, nusu tukaachiwa tuendelee kulima, mradi twende kumpalilia kinini zake. Tulikubali. Tungefanya nini? Tulipalilia kwa Patron, tukafanya salongo, kazi ya lazima ya Leta, na shamba la kilimani tukalifikia jua likiwa limekwisha kuinama.

Ndipo kilima kilipoanza kutushinda. Bahati, Murhula na baba zao wadogo walipokwisha kugawana shamba, kila mmoja alibaki na kipande ambacho ukisimama katikati unaweza kuzungumza na jirani wa pande zote bila kupaza sauti. Hakuna tena wa kuupumzisha udongo. Watu waliacha mtama, wakaacha maharagi, wakajaza muhogo, kwa sababu muhogo haulalamiki. Mvua ikinyesha unaona udongo unashuka mwekundu kuelekea ziwani, na hakuna anayeinuka kwenda kuuzuia. Hata mimi, siku nyingine, nilitazama tu.

Sasa Murhula.

Alitaka kuoa. Kipande chake kisingelisha mke, na ng'ombe wa mahari hakuwa naye. Patron akatafuta mlinzi anayekijua kilima, Murhula akaenda, akachukuliwa. Alirudi na viatu vya mpira na filimbi. Mama, nilifurahi. Nilifikiri tumepata mtu wetu huko ndani.

Kiangazi kilichofuata, majani ya ng'ombe yalikwisha. Maharagi yetu yalikuwa yamefunga maganda, bado mabichi kabisa. Tukasikia kwamba Patron ameagiza ng'ombe waingizwe upande wetu, na kwamba baada ya hapo bonde lote litakuwa malisho. Tulituma mtu kumwomba angoje maharagi yakauke. Jibu likaja kwamba ametuvumilia vya kutosha.

Asubuhi ile tulishuka wanawake wote wa kilima tukaketi chini, kwenye mwanya wa seng'enge ambapo ng'ombe walikuwa wakipitia. Hatukuwa na fimbo wala jembe. Mimi nilikuwa na Amani mgongoni, mtoto wangu wa mwisho, ambaye ulikufa bila kumwona. Gari la Patron lilikuwa limesimama juu barabarani, na yeye ndani, kioo kimefungwa. Murhula akaja mpaka nilipoketi. Akainama kama anayenisalimia.

"Shemeji, ondoka hapo. Patron iko naangalia."

Nilimwomba siku chache tu, mpaka maganda yageuke rangi. Alilitazama gari, akajishika sikio vile anavyojishika tangu utoto akiona haya.

"Kama ngombe haziingie leo, kesho miye sina kazi."

Sikusimama. Hakuna aliyesimama. Akatuacha. Tulidhani ameshindwa, na mmoja wetu akaanza rozari. Kumbe Murhula alitembea mbali, akang'oa miti miwili ya ua, akakunja seng'enge, akapitisha ng'ombe huko. Sisi tukabaki tumeketi pale, tunalinda mwanya ambao hakuna aliyeutaka tena, na nyuma ya migongo yetu tukasikia wanatafuna. Mama mmoja mzee alicheka. Alicheka kweli, akafuta macho, halafu akainuka, nasi tukainuka. Tuling'oa tulichoweza, tukajaza vitenge maganda mabichi, ng'ombe wakila kushoto kwetu na kulia kwetu bila ugomvi. Walikuwa wazuri, wanono. Siwezi kuwasingizia.

Maharagi yale mabichi yalikwisha upesi. Baada yake ilikuwa bugali ya muhogo na sombe ya majani yake, asubuhi na jioni. Miguu ya Amani ikavimba. Nywele zake zikawa nyekundu na laini, akaacha kulia, na mtoto asiyelia unajua mwenyewe. Bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula cha kujenga mwili. Nilimbeba mpaka Lwiro, kwenye hospitali ya watoto, nikamkuta kila mama amempakata mtoto wa rangi ileile. Mwuguzi aliniuliza anakula nini. Nilimwambia. Akasema kwa upole kwamba muhogo unajaza tumbo tu, nimpe maharagi, nimpe yai, nimpe maziwa. Nilitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameniambia nimpe maji.

Tulikaa kule mpaka uvimbe ukashuka. Tulipopewa ruhusa ya kurudi, niliogopa njia nzima. Niliogopa nyumba yangu mwenyewe.

Siku ya pili, kumepambazuka, nilifungua mlango nikamkuta Murhula nyuma ya nyumba. Mkononi alikuwa na bido ndogo ya plastiki iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Aliiweka chini, akarudi nyuma hatua chache, akangoja. Tangu siku ile ya bondeni hatukuwa tumesemezana. Bahati alikuwa ameapa kwamba ndugu yake hataingia kwetu. Nilifunua jani. Maziwa, bado ya moto. Nilijua yametoka kwa ng'ombe wa nani na walikula nini.

Najua wewe ungeniuliza jambo moja tu: "Mutoto alikunywa?"

Alikunywa, Mama. Alikunywa akashika bido kwa mikono miwili.

Murhula aliendelea kuleta. Hakuleta kila siku, alileta alipoweza. Bahati alijua, akawa anachelewa kuamka asubuhi hizo. Mashavu ya Amani yakarudi, akaanza tena kulia na kugombana na dada zake, nyumba ikajaa kelele nikashukuru. Kisha kapita wa Patron, msimamizi wake, akamwona Murhula anapita uani na bido. Walimvua viatu mbele ya wakamuaji, wakamnyang'anya filimbi, akapanda kilima miguu mitupu huku watu wakimtazama. Wengine walipiga vigelegele. Walikuwa na haki yao, maharagi yalikuwa yao pia. Mimi niliingia ndani.

Hakukaa. Alisema atakwenda Mwenga, kwa kina mama yangu, kuchimba dhahabu. Nilimwandalia muhogo wa njiani na jina la mjomba wangu. Alipokwisha kufunga mzigo alisimama mlangoni.

"Shemeji, sikupitisha ngombe juu yenu."

"Ninajua," nilimwambia.

Ni hayo tu tuliyosema. Naandika ili ujue kwamba aliyasema. Ameniletea habari mara moja, kwa mdomo wa dereva wa kamyo ya mizigo: ni mzima, anachimba, hajaoa.

Sisi tulikuja Bagira kwa sababu Bahati alipata kazi kwa mafundi wa kujenga. Mimi nikawa natafuta pa kulima. Huku mjini wanawake tunalima kando ya barabara, nyuma ya nyumba, penye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili. Mwaka jana bwana mmoja wa mtaa wa Nguba, mwenye parseli, kiwanja kitupu karibu na ziwa, aliniruhusu kulima mpaka atakapojenga. Udongo mweusi, Mama, ungeushika ukaunusa. Maharagi yalikuwa kwenye maua Bahati aliporudi kutoka kazini na kuketi bila kuvua kofia. Mwenye parseli alikuwa amepata saruji. Waliotumwa kuanza msingi walikuwa Bahati na mafundi wenzake. Kesho yake tulikwenda wote wawili asubuhi. Yeye alivuta kamba, mimi niling'oa mimea mbele ya kamba, akawa ananingoja nimalize mstari. Hakuna aliyekasirika. Tungemkasirikia nani? Ile kazi ndiyo iliyolipa shule ya Amani.

Maana Amani yuko shule. Ni mfupi kuliko wenzake, lakini anakimbia sana.

Bonde letu siku hizi ni majani matupu. Patron haonekani, wanasema yuko Kinshasa. Bado napanda kilimani kila ninapoweza, na nikifika nachimba mifereji yetu iliyojaa udongo wa watu wa juu. Siku nyingine namaliza mmoja, mikono inagoma, nakaa chini ya migomba karibu nawe, ulipolazwa, wala sisali. Nakaa tu. Usinihukumu.

Wiki hii binamu wa Bahati amekuja na soda kuomba kipande cha Murhula. Anasema mwenyewe hayupo, udongo usilale bure, na Leta ikiona shamba halina mtu inaweza kumpa mwingine. Si mwongo. Bahati alikuwa karibu kukubali, kwa uchovu tu, kama tunavyokubali mengi. Nikasema hapana. Akaniuliza sababu mbele ya mgeni, nikachukua jembe. Nilikwenda kulima kipande chote nikapanda maharagi, mpaka mpakani, ili asije mtu akasema hakina mtu. Huko ndiko nilikokuwa leo. Ndiyo maana mkono wangu unaandika vibaya.

Jua limekwisha huku, na watoto wanadai chakula. Kaa na amani huko uliko, Mama, na ukipumzika, pumzika na kwa ajili yangu kidogo. Hili nakuahidi: kipande cha Murhula nitakilima kwa jina lake mwaka huu, na mwaka ujao, na kadiri mgongo utakavyonibeba. Akirudi sitamuuliza habari za bondeni. Nitamwonyesha mpaka wake unapoanzia, nimwachie avune.

Nsimire wako